Ganzi ya mgongo ikikolea, punguza mkono

Nilipoanza kazi ya nusukaputi, mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye bomba la sindano. Siku moja nilimchoma mzee wa miaka sabini na kitu ganzi ya mgongo kwa upasuaji wa tezi dume. Miguu ikafa ganzi vizuri. Akasema anaogopa, nikampa midazolamu, dawa ya kutuliza, miligramu 2. Dakika moja baadaye alikuwa bado anaongea, nikaongeza 2 nyingine. Haukupita muda akaanza kukoroma, kisha mkoromo ukakatika. Oksijeni ya damu ikashuka hadi asilimia 82. Nikamwinua taya, nikamwekea barakoa, nikampa pumzi kwa mfuko hadi akarudi. Yeye hakukumbuka kitu. Mimi nilikuwa nimelowa jasho.

Nilisingizia umri, na kweli umri ulichangia. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba ganzi yenyewe husinziza. Si kwamba dawa imepanda kichwani. Miligramu 10 hadi 15 za bupivakaini, dawa ya ganzi tunayochoma mgongoni, ni kidogo mno kwa hilo. Ubongo hukaa macho kwa sababu, pamoja na mengine, ngozi, misuli na viungo vinaupelekea habari bila kukoma kupitia uti wa mgongo. Ukizifunga habari za nusu ya mwili, ubongo unapoa. Ndiyo maana wapo wanaosinzia bila kupewa chochote. Ganzi iliyopanda hadi kifuani hupunguza mahitaji ya dawa ya kutuliza kuliko iliyoishia kitovuni, na mambo ni hayo hayo kwa propofoli, dawa ya usingizi.

Siku hizi nasubiri kwanza. Ganzi huendelea kupanda kwa dakika 10 hadi 20, na mara nyingi hofu hushuka yenyewe mgonjwa akishaona kisu hakiumi. Ikibidi, naanza na nusu ya nilichokuwa nafikiria, au miligramu 1 tu ya midazolamu kwa mzee, halafu nangoja dakika 3 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Oksijeni iko puani tangu mwanzo, na kifaa cha kupima kaboni dioksidi katika pumzi kikiwepo nakifunga, maana pumzi husimama kabla oksijeni haijaanza kushuka.

Usingizi wa ghafla usiufurahie haraka. Pima presha, mwambie akubane vidole. Presha iliyoanguka au ganzi iliyopanda kupita kiasi nazo hulegeza mtu hivyo hivyo.

Na anayehangaika mezani? Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia kuongeza dawa. Mtazame kwanza: huenda hewa haimtoshi, presha iko chini, bega limechoka kulalia upande mmoja, au upasuaji umerefuka na ganzi inaisha. Hii ya mwisho ina mtego wake, kwa sababu ganzi ikirudi nyuma ubongo huamka nayo, na kipimo cha dawa ya kutuliza kilichomtosha saa moja iliyopita hakimtoshi tena.