Siku za kliniki baada ya kuumia kazini zisikatwe kwenye likizo ya mwaka

Umeuliza kama HR (ofisa rasilimali watu) anaweza kukukata siku za likizo ya mwaka kwa sababu unarudi hospitali kusafishwa kidonda ulichopata kazini. Hapana mkuu, hana haki hiyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Na sheria hiyohiyo inakataza mwajiri kukupa likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine unayostahili. Kazi yako ni moja tu, uwe na karatasi ya daktari aliyesajiliwa. Kila ukienda omba ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) yenye muhuri na tarehe, hata kama umekaa kliniki asubuhi tu, maana bila hiyo wataandika utoro.

Nimeshughulikia haya mambo kwenye tawi letu la chama miaka kadhaa. Wengi wanakwama kwa sababu ajali yenyewe haikuripotiwa. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ndani ya siku 7 tangu alipojua. Gharama za matibabu ya ajali ya kazini ni za WCF, si za mfuko wako. Hakikisha mwajiri amepeleka taarifa, omba nakala.

Ila WCF wakianza kukulipa fidia ya kushindwa kufanya kazi kwa muda, usitegemee na mshahara wa likizo ya ugonjwa kwa siku hizohizo. Zanzibar wana sheria yao.