Kabla ya Kukaza Nati ya Sinki, Tafuta Maji Yanakoanzia

Sinki letu jipya la bafuni lilianza kuvuja siku ya tatu baada ya kuwekwa. Tunaishi ghorofani, mtaa wa Umoja, Nairobi, na maji kwetu huja siku chache tu kwa wiki. Kuona maji uliyoyangojea yakidondoka sakafuni kunauma. Halafu jirani wa chini akapanda ngazi kuniuliza kwa upole, "Mama, hili doa kwenye dari yangu si linatoka kwako?"

Fundi aliyeliweka alirudi mara mbili. Mara zote aliinama chini ya sinki, akakaza nati kwa spana, akafungua bomba kidogo, akaona pakavu, akaenda zake. Jioni sufuria niliyoitega ilikuwa na maji tena. Mara ya pili alikaza mpaka mpira wa kuzibia maji ukajikunja na kutokeza pembeni kama ulimi.

Nikaamua kulitafuta tatizo mwenyewe, kwa tochi ya simu na tishu. Nilipangusa kila kitu kikakauka kabisa, kisha nikazungushia kila kiungo kipande cha tishu, maana tishu huonyesha hata tone moja. Nikafungua bomba: hakuna tishu iliyolowa. Nikaziba tundu, nikajaza sinki mpaka maji yakafika kwenye kile kitundu cha juu kinachozuia kufurika, nikayaachilia yote kwa mpigo. Tishu iliyolowa kwanza ni ya juu kabisa, kwenye nati kubwa iliyobana sinki kwa chini. Ile chupa ya plastiki ya chini, inayopitisha maji machafu na kuzuia harufu, ambayo fundi alikuwa akihangaika nayo, haikuwa na kosa lolote. Maji yalikuwa yanaiteremkia tu na kudondokea kwenye ncha yake.

Kile kipande cha kutolea maji, ambacho mafundi hukiita westi, huwa na matundu ubavuni kama sinki lina kitundu cha juu. Kwa hiyo maji hupita hata nje ya westi, kati yake na kauri, na kinachoyazuia yasitoke ni mpira wa chini peke yake. Isitoshe, maji hufuata hesi, ile mistari inayozunguka westi na kushika nati. Huteremka humo polepole, raundi baada ya raundi, mpaka yatokeze chini ya nati. Ukikaza zaidi hujaiziba njia hiyo, na ukizidisha nguvu kauri hupasuka.

Nikaing'oa westi yote, nikakwangua silikoni, ile gundi ya kuzibia maji, ya zamani, nikakausha. Mpira mpya nilinunua hadiwea, nikiwa nimebeba ule wa zamani mkononi: wa sinki la bafuni kwa kawaida ni wa inchi moja na robo, na ule wa jikoni ni mkubwa zaidi. Nilipaka silikoni chini ya ukingo wa westi, kisha nikaipaka pia kwenye hesi, pale hasa mpira unapokaa. Upande wa mpira uliochongoka hutazama juu, uingie kwenye tundu la sinki. Nati nilikaza kwa mkono, nikamalizia robo mzunguko kwa spana, huku kijana wangu ameishika westi kwa juu isizunguke. Nati za plastiki za ile chupa zinatosha mkono tu, wala hazihitaji ile tepu nyeupe ya kuzungushia hesi, kwa sababu pale kinachoziba ni mpira, si hesi.

Halafu saa 24 bila tone la maji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa kuwa fundi anataka kujaribu, alipwe, aende kazi nyingine, na silikoni bado mbichi. Sisi tulinawa kwenye beseni mpaka kesho yake jioni.

Kama unamwita fundi, mwambie mapema kwamba utamlipa salio siku inayofuata, baada ya kujaza sinki mpaka kwenye kitundu cha juu na kuachilia maji yote, tishu zikiwa zimezungushwa chini naye akiwa hapo anatazama.