Maswali ya Wasomaji: Kufungua Filamu ya Kutisha kwa Dakika Mbili

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu filamu na sanaa za maonyesho. Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja: kutengeneza filamu za kutisha.

SWALI: Mshauri, pokea salamu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya uanahabari katika chuo kimoja hapa Nairobi. Tumepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu mpya ya kutisha, usiozidi dakika mbili, wenye jina la filamu na majina ya washiriki, na picha zote tuwe tumezipiga wenyewe. Tuko wanne, tuna simu mbili nzuri na stendi moja, na fedha hatuna. Wazo letu ni kwamba msichana anakimbizwa usiku katika Msitu wa Karura na mtu aliyejifunika uso na kushika panga. Msichana anaanguka, anapiga mayowe, damu inaruka kwenye lenzi, kisha jina la filamu linatokea. Mwalimu ametuambia kwamba hiyo ni trela, si mwanzo wa filamu. Hatukumwelewa. Tufanye nini? — Mwanafunzi, Umoja.

JIBU: Mwalimu wenu amesema kweli. Trela huchuma vipande vikali vya filamu nzima na kuvipanga bila kujali mfuatano wa hadithi, kwa sababu kazi yake ni kumvuta mtu anunue tiketi, ilhali mwanzo wa filamu ni tukio la kwanza lenyewe, linalotazamwa na mtu ambaye amekwisha kuketi. Huyo hahitaji kuvutwa, anahitaji kutiwa wasiwasi. Katika wazo lenu, adui ameonekana, silaha imeonekana, damu imemwagika na mhusika ameuawa kabla hatujajua hata anaitwa nani. Nikiwauliza dakika ya tatu itakuwa na nini, sidhani kama mna jibu.

Karura pia iacheni. Msitu huo uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, hufungwa jioni, na kupiga filamu ndani yake kunahitaji idhini na malipo ambayo mmesema hamna. Isitoshe, mtu aliyejifunika uso na kushika panga usiku, popote pale Nairobi, hatangoja kuulizwa kama anaigiza. Wananchi watakuwa wamekwisha kumshughulikia kabla mwelekezi hajasema "kata".

Itafuteni hofu mahali mnapopajua. Wengi wenu mnaishi katika majengo ya ghorofa yenye lango la chuma, bawabu, na kitabu cha wageni kilichopigwa mistari kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, nyumba anayokwenda mgeni, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Tuseme msichana anayeishi peke yake katika nyumba ya 5C anarudi jioni, anamkosa bawabu langoni, na kitabu kiko wazi juu ya kiti. Anakipitishia macho tu huku akitafuta funguo mkobani, anapiga hatua mbili, kisha anarudi kukisoma vizuri. Mstari wa mwisho una nambari ya nyumba yake. Saa ya kuingia imeandikwa kuwa nusu saa tu iliyopita. Jina lililoandikwa ni lake yeye mwenyewe, kwa mwandiko unaofanana na wake, na safu ya saa ya kutoka iko tupu. Anainua macho kutazama ghorofa ya tano, na taa ya dirisha lake inawaka.

Hapo hakuna aliyeguswa wala neno lililosemwa, lakini mtazamaji tayari anajiuliza ni nani aliye huko juu, na kama msichana atathubutu kupanda. Mpandisheni. Majengo mengi ya mtaa wenu hayana lifti, na hiyo ni bahati yenu, kwa kuwa ngazi humchelewesha mtu kwa njia ambayo lifti haiwezi. Sekunde 120 mzitumie kwa ubahili: arobaini na tano hivi langoni, hamsini katika ngazi, na zinazobaki mlangoni. Majina ya washiriki yawekeni juu ya picha za ngazi, kila jina likikaa sekunde tatu hivi ili lisomeke, na la mwelekezi lije mwisho kama ilivyo desturi. Mlango usifunguliwe na mtu wa nje. Msichana asikie ufunguo ukizungushwa kutoka ndani, kisha skrini iwe nyeusi na jina la filamu litokee. Uso wa aliye ndani msituonyeshe kabisa, hata kama mmempata mwigizaji mwenye sura ya kutisha. Yule mtakayemwonyesha hatamfikia yule ambaye mtazamaji amekwisha kujitungia.

Kuhusu kamera, ushauri wangu ni mfupi: tumieni stendi. Wanafunzi wengi huitikisa simu wakidhani kwamba mtikisiko ndio hofu, na matokeo yake ni kizunguzungu. Iwekeni kamera juu ya ngazi, imngoje msichana apande kuielekea, na mwache nafasi tupu nyuma ya bega lake ambayo jicho la mtazamaji litaikagua bila kuambiwa. Kila picha iacheni ikae muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili.

Mwanga unataka hesabu. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ule wakati ambapo mbingu ni ya samawati na taa za nyumba zinaonekana zikiwaka hauzidi sana dakika ishirini. Picha ya dirisha la ghorofa ya tano ipigwe wakati huo huo, baada ya mazoezi kukamilika mchana, kwa sababu mkingoja giza kamili simu itawapa chengachenga badala ya usiku. Ndani ya ngazi, zimeni taa zote isipokuwa moja iliyo mbali nyuma ya mwigizaji, mkaze kipimo cha mwanga kwenye simu ili kisijibadilishe kila anaposogea. Jambo jingine linalowasumbua wengi ni mawimbi yanayopita kwenye picha chini ya balbu za bei nafuu. Umeme wetu huenda kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali simu nyingi hurekodi fremu, yaani picha moja moja za video, 30 kwa sekunde. Tafuteni programu ya kamera inayowaruhusu kuchagua wenyewe, mweke fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, na mawimbi hayo yatatulia.

Sasa nije kwenye sauti, ambayo ndiyo nusu ya filamu ya aina hii na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mji huu haunyamazi. Honi za matatu, jenereta, redio ya jirani, kesha la kanisa, watoto wa ghorofa ya chini: masikio yetu yamezoea hata hayasikii tena. Basi rekodini kelele hizo zote, mzilaze chini ya picha za lango tangu sekunde ya kwanza, na msichana anapokisoma kile kitabu mara ya pili, ziondoeni polepole, moja baada ya nyingine, mpaka abaki na pumzi zake tu. Mtazamaji wa Nairobi ataingiwa na baridi kabla hajatambua ni kitu gani kimekosekana. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: hungoja mpaka mwisho kisha hupiga mshindo mkubwa wa kushtua. Mshindo humrusha mtu kitini mara moja, na baada ya hapo hucheka.

Simu yenu ya pili iwe kinasa sauti. Ifichwe karibu na mwigizaji, na kabla ya kila picha mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ili wakati wa uhariri mweze kuoanisha sauti na picha. Mkimaliza kila mahali, nyote nyamazeni kwa dakika nzima huku mkirekodi utulivu wa mahali hapo, kwa kuwa mtauhitaji kuziba mapengo. Sauti za funguo, komeo na nyayo zirekodini upya usiku, baada ya saa nne, mkiwa mmejifunika blanketi ili mwangwi usiingie. Muziki wa filamu za watu msiuguse: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaulinda, na mwalimu wenu ameutambua tangu noti ya kwanza. Rekodini mlio wa lango lenu likifunguliwa, muuingize katika Audacity, programu isiyolipiwa, na mpunguze kasi yake hadi robo. Sauti hiyo itashuka oktavi mbili na kuwa mngurumo ambao hakuna atakayejua umetoka wapi.

Lipo suala la ruhusa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kwa filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe hadharani au iuzwe. Kama kazi yenu itabaki darasani, chukueni barua ya chuo pamoja na idhini ya maandishi kutoka kwa mwenye jengo, mkawaarifu majirani siku moja kabla. Mkikusudia kuipeleka kwenye tamasha, uliza­neni na chuo kuhusu leseni kabla ya kupiga picha ya kwanza. Na kitabu cha wageni chorini chenu wenyewe, kwa maana kile halisi kina nambari za vitambulisho vya watu.

SWALI: Mimi ni mzazi. Binti yangu ana miaka kumi na minne, na vijana wa chuo jirani wamemwomba aigize mtoto aliyeona jini katika filamu yao. Wanataka kupiga picha mpaka saa sita usiku. Simkatazi sanaa, lakini naogopa asije akaota vibaya. Unanishauri nini? — Mama, Kaloleni.

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, na wala haiwalazimu vijana hao kubadilisha hadithi yao. Mtoto hana haja ya kukutana na hilo jini hata mara moja. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwelekezi wa Urusi aitwaye Lev Kuleshov aliunganisha picha ile ile ya uso mtulivu wa mwigizaji na picha ya bakuli la supu, kisha na ya jeneza, na watazamaji wakaona njaa katika uso huo na baadaye huzuni, ingawa uso haukuwa umebadilika. Hao vijana na wafanye vivyo hivyo: wampige binti yako picha akiangalia kitu cha kawaida, hata wewe mwenyewe ukiwa umesimama kando ya kamera, na jini walipige siku nyingine asipokuwapo. Usiku nao hutengenezwa mchana, kwa kuziba madirisha kwa blanketi nzito na kuacha taa moja ndogo. Waombe mswada uusome wote, uwepo wakati wote wa kazi, na idhini yako itolewe kwa maandishi ikitaja saa ya kumaliza. Wakisisitiza saa sita usiku, wakatae bila kuona haya.

SWALI: Damu ya bandia hutengenezwaje bila gharama? — Msomaji, Kariokor.

JIBU: Chemsha sukari vikombe viwili katika kikombe kimoja cha maji hadi iwe nzito, iache ipoe kabisa, kisha tia rangi nyekundu ya chakula na unga kidogo wa kakao. Kakao ndiyo siri, kwa sababu rangi peke yake huonekana kwenye kamera kama sharubati ya watoto, ilhali katika mwanga hafifu damu hukaribia weusi. Isiingie machoni. Nunua Gikomba mashati mawili ya mtumba yanayofanana, moja la kuchafuliwa na jingine la kurudia picha itakapoharibika, kwa kuwa rangi ya chakula haitoki kirahisi.