Simbilisi akiugua, tumbo lisisimame

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeanza kufuga simbilisi, yule mnyama mdogo wa manyoya ambaye Wazungu humwita guinea pig, juzi juzi, na leo umeamka ukamkuta mmoja amejikunyata pembeni mwa banda, manyoya yamemsimama, ukoka uliomwekea jana usiku uko vilevile. Nimefuga wanyama hawa miaka tisa hapa Ole, Pemba. Nimewauguza wengi, wengine wakapona, wengine nikawazika chini ya mpera nyuma ya nyumba. Kama ningepata mtu wa kuniambia neno moja tu siku ya kwanza, ningeomba aniambie hili: mnyama huyu hufa kwa njaa kabla ya ugonjwa kumuua. Dawa ataandika daktari. Tumbo ni kazi yako.

Simbilisi hakuumbwa kula mara tatu kwa siku kama sisi. Anatafuna mchana na usiku, na utumbo wake unategemea nyasi zipite bila kukatika. Zikikatika, vijidudu vyema vinavyoishi humo hufa, vibaya huchukua nafasi, gesi hujaa, na mnyama huzidi kukataa kula kwa sababu ya maumivu. Kwa hiyo saa kumi na mbili bila kula ni jambo la kuhangaikia. Siku nzima bila kula ni dharura, usingoje kesho uone itakuwaje. Na ujue kuwa ni mnyama anayewindwa, anaficha udhaifu wake mpaka mwisho. Ukiona amelegea waziwazi, ugonjwa ulianza siku kadhaa nyuma.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza ninachomwambia mtu anunue ni mizani, ile ndogo ya jikoni ya kupimia unga. Weka kibakuli juu yake, irudishe kwenye sifuri, mtie mnyama, soma. Akiwa mzima mpime mara moja kwa wiki. Akiugua mpime kila siku, saa ileile, kabla ya kumlisha. Macho yanadanganya kwa sababu manyoya yanaficha mifupa, lakini gramu hazidanganyi. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, simu kwa daktari ipigwe siku hiyohiyo.

Jengine ni choo. Cha mnyama mzima ni chembe za kahawia iliyoiva, zote saizi moja, urefu kama wa karafuu moja. Zikianza kuwa ndogo, kavu, zenye ncha upande mmoja kama tone la maji, ujue chakula kinachopita ni kidogo. Kila asubuhi kunja lile gazeti la chini ya banda na uzitazame vizuri. Watu huona ni uchafu wakatupa haraka, na humo ndimo habari zote zilimo.

Sasa nije kwenye dawa, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza mnyama wangu wa kwanza. Alikuwa na kijipu chini ya taya. Nikaenda duka moja la dawa, nikaeleza, nikapewa amoksilini ya maji, ile ya watoto, nikaambiwa nimpe kidogo. Nilimpa siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuharisha, siku ya nne alfajiri nikamkuta ameshapoa. Kijipu chake kilikuwa bado kipo palepale. Nililia, halafu nikaanza kuuliza, na nikaja kujua kuwa si kijipu kilichomuua.

Amoksilini, ampisilini na penisilini, pamoja na klindamaisini na erithromaisini, huua vijidudu vyema vya tumbo la simbilisi, na wale wabaya wanaobaki hutoa sumu. Dawa hizo hizo humfaa mtoto wako, humfaa mbwa, lakini huyu humuua. Penstrepu, ile sindano nyeupe inayouzwa kila duka la mifugo na inayotumika sana kwa ng'ombe na mbuzi, ina penisilini ndani yake, basi usikubali adungwe. Madaktari wanaowajua wanyama hawa mara nyingi huchagua enrofloksasini, au trimethoprimu iliyochanganywa na salfa.

Daktari wetu wa mifugo huku visiwani kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Hakuna ubaya kumkumbusha kwa adabu: "Daktari, samahani, nimesikia huyu hawezi penisilini, unaonaje?" Sijawahi kukutana na aliyekasirika. Mmoja alifungua kitabu mbele yangu akahakikisha, tukashukuriana.

Kuna na suala la kipimo. Chukua upele, ule unaomfanya ajikune mpaka atoke vidonda, na ukizidi huweza kumtia kifafa. Unatibiwa kwa ivamektini. Chupa inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe kwa kawaida ni ya asilimia 1, yaani mililita moja ina miligramu 10. Simbilisi wa gramu 800 akiandikiwa miligramu 0.4 kwa kila kilo anahitaji mililita 0.032. Hiyo haifiki tone moja. Ukikadiria kwa jicho, utampa dozi ya mara tano bila kujua. Mwachie daktari aizimue na aipime mwenyewe, na umpelekee wote wanaolala banda moja, maana mmoja akibaki na wadudu mtarudi mwanzo. Dozi hurudiwa baada ya wiki moja au mbili kwa sababu mayai ya wadudu hayafi na dozi ya kwanza. Watu wengi huona mnyama ameacha kujikuna wakadhani yameisha.

Nikueleze sasa jinsi ya kumlisha mgonjwa, na hapa nitakaa kidogo.

Ramadhani moja iliyoangukia masika, jike wangu Kidoti alishikwa na kifua. Pua ilikuwa na ukoko, na ukimweka sikioni unasikia mlio mdogo kama karatasi inayokunjwa. Alikuwa na gramu 860 wiki ya nyuma. Siku niliyompeleka Chake Chake alikuwa na 742. Daktari alimwandikia enrofloksasini mara mbili kwa siku kwa siku kumi, na dawa ya maumivu, akanitazama akasema, "Bibi, dawa hii haitafanya kazi kwenye tumbo tupu. Umlishe wewe."

Chakula chenyewe nilikitengeneza hivi. Chembe za chakula cha sungura, zile zilizotengenezwa kwa majani, nilizitwanga kwenye kinu zikawa unga, nikachanganya na ukoka uliokaushwa kivulini na kutwangwa, nikapitisha kwenye chujio la chai. Nikatia maji ya uvuguvugu mpaka ukawa mzito kama uji wa mtoto anayeanza kula, na kipande cha pilipili boga kilichopondwa. Jirani yangu, kwa huruma yake, aliniletea uji wa unga wa mchele na maziwa. Nilimshukuru, sikumpa. Wanga na maziwa huchacha kwenye tumbo hili na kuongeza gesi. Kinachotakiwa ni nyuzinyuzi za majani.

Bomba la sindano, bila sindano yenyewe bila shaka, chukua la mililita moja. Mdomo wake ni mwembamba, nyuzi huziba, basi kata ncha kwa wembe kisha isugue kwenye sakafu ya saruji mpaka iwe laini isimkate ufizi. Mfunge mnyama kwa kanga kuukuu, kichwa tu kitoke, akae wima mapajani mwako kama anavyokaa mwenyewe. Usimlaze chali hata kidogo, chakula kitaingia mapafuni. Nyuma ya meno ya mbele, kabla ya kufika magego, kuna pengo. Pitisha bomba kwa ubavu wa mdomo hapo, sukuma kidogo, nusu mililita hivi, kisha ngoja. Ngoja mpaka uone taya linazunguka na koo linameza. Ndipo usukume tena. Anayeharakisha humpalia. Na akiwa anahema kwa shida, mdomo wazi, usimlishe kabisa, mrudishe kwa daktari.

Kwa uzito wa Kidoti nilihitaji mililita 45 mpaka 60 kwa siku, nikazigawa mara tano. Tukiamka kula daku, na yeye alikula. Kisha saa tatu asubuhi, saa nane mchana, baada ya futari, na saa tano usiku kabla sijalala. Kila mlo ulichukua karibu nusu saa. Siku ya kwanza alitema nusu, kanga yote ikawa kijani. Siku ya pili alikunja uso lakini akameza. Mwanangu wa kiume, ambaye nilidhani hajali, alikuwa akishika tochi umeme ukikatika, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika daftarini: saa, mililita, gramu, choo. Daftari hilo lilimsaidia daktari tuliporudi kuliko maneno yangu yote.

Dawa mpe kwanza, chakula kifuate, ili ule uchungu uondoke mdomoni. Enrofloksasini ni chungu sana. Nilikuwa nikiichanganya na maji kidogo ya pera lililopondwa, ndani ya bomba hilohilo. Usiitie kwenye maji ya kunywa. Maji yatabadilika ladha, atayakataa, na utakuwa umemnyima dawa na maji kwa pamoja. Na usikate dozi kwa sababu amechangamka siku ya nne.

Kuhusu vitamini C: mwili wa simbilisi hauwezi kuitengeneza, kama wetu sisi. Akikosa kwa wiki chache hukataa kutembea, viungo vinamuuma, ufizi unatoka damu, vidonda haviponi. Watu humdhania amevunjika mguu. Mgonjwa huhitaji nyingi kuliko mzima, kiasi cha miligramu 30 mpaka 50 kwa kila kilo, hivyo nusu ya kidonge cha miligramu 100 iliyosagwa inamtosha mnyama wa kilo moja kwa siku. Kiwe kidonge cha vitamini C peke yake, si mchanganyiko wa vitamini nyingi. Nacho pia usikitie majini, huharibika upesi kwa mwanga na joto. Mzima hupata ya kutosha kwenye pilipili boga, matembele na kipande kidogo cha pera, na Alhamdulillahi vyote hivyo vinapatikana huku kwetu.

Joto ni adui wake mkubwa. Asili yake ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, kwenye baridi. Nyuzi joto zikizidi 28 anaanza kuteseka, na mgonjwa huteseka zaidi. Wakati wa kaskazi mlaze kwenye sakafu ya saruji upande usiopigwa jua, mwekee chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa, aegemee akitaka. Ukimpeleka kwa daktari, ondoka na daladala la asubuhi na mapema. Pakacha lenye nyasi chini linapitisha hewa vizuri kuliko boksi. Tia na matembele mawili matatu ya njiani.

Mwenzake umwachie karibu. Simbilisi aliyetengwa hunyong'onyea, na mnyonge hali. Kwa kifua, kwa sababu kinaambukiza, niliweka wavu kati ya Kidoti na dada yake, wakawa wanalala migongo imegusana kwenye wavu.

Siku ya sita ilikuwa mchana, nakata pilipili boga kwa ajili ya mchuzi wa futari. Kisu kilipogusa ubao nikasikia filimbi ile ndefu kutoka upande wa wavu ambao ulikuwa kimya wiki nzima. Nilimpelekea kipande, akakivuta kutoka vidoleni mwangu mpaka nikahisi meno. Sikuacha bomba siku hiyo. Niliendelea kumlisha mara tatu, kisha mara mbili, mpaka mizani ilipopanda siku tatu mfululizo bila msaada wangu, maana wengi huanza kula wakakoma tena. Dawa ilimalizika siku ya kumi. Wiki mbili baadaye alikuwa na gramu 851, na mpaka leo mvua za masika zikianza huwa namweka sikioni kila asubuhi nikamsikiliza kifua.