Chakula cha mahafali: kwanza angalia kitakachovumilia kusubiri

Dada, umesema wageni ni sitini hivi, mahafali asubuhi, sherehe nyumbani mchana, na familia imegawanyika: wengine wanataka kuku wa kukaanga na chipsi, wengine wali na mchuzi wa nyama, na wewe mwenyewe unaona wali umezoeleka mno. Mimi ndiye huitwa jikoni kila ndugu akiwa na shughuli, na kura yangu iko kwenye wali na mchuzi. Ladha naiweka kando kwanza, kinachoniamulia ni saa.

Ratiba ya mahafali huna mamlaka nayo. Majina yanasomwa moja moja, mgeni rasmi akishika kipaza sauti hakiachii, na ikiisha hapo watu wanatawanyika kupiga picha, mhitimu anatafutwa haonekani. Ukipanga kula saa saba, kundi la kwanza litafika saa sita na nusu na njaa yake, mwenye sherehe ataingia saa tisa. Kwa hiyo kila chakula kinachopendekezwa kipime hivi: kikikaa saa mbili kikiwa cha moto, bado kitalika?

Chipsi zinaanguka hapo hapo. Kitu cha kukaanga kina ganda kavu nje na majimaji ndani. Ukikifunika ili kisipoe, mvuke unalilegeza ganda. Ukikiacha wazi, kinapoa. Labda uwe na mtu wa kusimama kwenye karai mchana kutwa, na mara nyingi mtu huyo huwa mama wa mhitimu, ambaye mwisho wa siku hana hata picha moja. Kidari cha kuku nacho hukauka upesi. Kama ni lazima kuku awepo, nunua mapaja, yana mafuta kuliko kidari na yanavumilia moto. Nyama ya mchuzi, hasa ile yenye mishipa mishipa kama ya muundi, huzidi kulainika kwenye moto mdogo. Tena ikipikwa jana yake, leo inakuwa tamu zaidi.

Ila kupika jana kuna masharti, na hapa nakuomba usome polepole. Usiingize sufuria kubwa nzima kwenye friji. Pembeni itapoa, katikati itabaki vuguvugu saa nyingi, na bakteria hupenda hapo, kati ya nyuzijoto 5 na 60. Gawa mchuzi kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi, uwe umeingia kwenye friji ndani ya saa mbili tangu uepuliwe, kesho yake uuchemshe mpaka utokote kabisa, si kuupasha tu.

Wali usipike jana. Watu huogopa nyama na kuudharau wali, kumbe mchele huweza kuwa na bakteria waitwao Bacillus cereus, na mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu muda mrefu mbegu hizo zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Upike asubuhi ile ile, uuepue ukiwa na kiini kidogo, maana wali wa sufuria kubwa huendelea kuiva kwa mvuke wake hata ukiwa chini. Ukingoja uive kabisa jikoni utawapakulia watu bokoboko. Kisha gawa kwenye hotpoti kadhaa badala ya moja kubwa, fungua moja, ikiisha ndiyo ufungue nyingine.

Vipimo ninavyotumia: mchele mkavu gramu 100 kwa mtu mzima kama wali ndio pekee, gramu 75 kama pembeni kuna viazi au mkate. Kwa watu sitini ni kilo 6, au 4 na nusu. Nyama isiyo na mfupa gramu 150 hadi 200 mbichi kwa mtu, yenye mfupa panda hadi 300, maana mfupa unaulipia lakini hauliwi, na nyama yenyewe hupungua karibu robo ikiiva. Mkipika nyama na kuku pamoja, msihesabu fungu kamili la kila kimoja, mtabaki na viporo vya wiki nzima. Saladi kateni mapema lakini chumvi na limau ziingie dakika ya mwisho. Chumvi huvuta maji kwenye nyanya na tango, bakuli likageuka supu.

Fikirieni pia watu watakula wakiwa wapi. Kwenye sherehe ya mpwa wangu walipakua mapande makubwa ya kuku na kugawa visu vya plastiki. Mzee mmoja alikuwa na sahani juu ya goti, anakata, sahani inacheza, anaishika, kisu kinapinda. Mwishowe alikitia kisu mfukoni akala kwa mkono. Mhitimu naye hakutaka kuvua joho, na kila akinyoosha mkono kuchukua kitu, lile pindo pana linaingia kwenye bakuli la mchuzi. Viti vyenu vikiwa vingi kuliko meza, nyama ikatwe vipande vya kuingia mdomoni bila kukatwa tena, na mchuzi uwe mzito.

Anayekula mboga tu mpikieni sufuria yake, na si kumwambia achague vipande vya nyama atoe. Ulizeni mapema nani ana mzio, hasa wa karanga. Chenye karanga kikae mbali na upawa wake usiguse kingine. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko soda. Keki wala isiwaumize kichwa, iwe ndogo, wengi huipigia picha tu.

Mezani anzeni na wali, halafu mboga, nyama iwe ya mwisho na asimame mtu wa kuipakua. Nyama ikitangulia na kila mtu akajipakulia, kumi wa mwisho watakula mchuzi mtupu.

Kuna kitu hukukisema: mkienda mahafalini wote, nani anabaki na jiko? Kama yupo mtu wa kupika wali na kuchemsha mchuzi mnaporudi, endeleeni kama nilivyoandika. Kama hayupo, rudi uniambie, maana hapo na wali nao tunautoa, tupange vyakula vya baridi vinavyotoka moja kwa moja kwenye friji, na swali litakuwa friji yenu ina ukubwa gani.