Peke Yako Ulaya, Marafiki Njiani: Maswali ya Wasomaji

Swali: Nina miaka 26, naishi Arusha, pasi yangu ni ya Tanzania. Juni nataka kwenda Ulaya peke yangu: siku 4 Amsterdam, 7 Berlin, kisha 3 Praha, na kila mji nina rafiki wa kunipokea. Viza niombe wapi? Na ninunue pasi ya treni ya Eurail?

Jibu: Omba Ujerumani, ingawa ndege yako inatua Amsterdam. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zilizoungana katika utaratibu huo, huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana ndipo huangaliwa nchi ya kuingilia. Ukipeleka fomu Uholanzi na ratiba yenye siku 7 za Berlin, utarudishwa, na miadi uliyoisubiri imekwenda bure. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo 15: msimu wa kiangazi miadi ni adimu, basi anza kuitafuta Februari.

Ada ni euro 90, na ukinyimwa viza hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen, na ianze siku ile ile unayotua. Kama rafiki wa Berlin anakupa malazi tu, inatosha aandike barua ya mwaliko yenye anwani yake, nawe uonyeshe fedha zako benki. Akitaka kukugharamia kila kitu, lazima aende ofisi ya wageni ya mji wake achukue hati ya dhamana iitwayo Verpflichtungserklärung, kisha akutumie ile halisi.

Eurail usinunue. Pasi yake ndogo ya nchi zote ni ya siku 4 za kusafiri, nawe utapanda treni mara 2 tu. Nunua mapema tiketi za Amsterdam–Berlin (kama saa 6) na Berlin–Praha (zaidi ya saa 4). Ile ya bei nafuu ya Deutsche Bahn (shirika la reli la Ujerumani), iitwayo Sparpreis, inakufunga kwenye treni moja. Ukiikosa kwa uzembe wako, tiketi imekufa. Lakini treni ikitarajiwa kukufikisha ukichelewa dakika 20 au zaidi, unaruhusiwa kupanda nyingine.

Sasa kukutana, na hapa Waswahili hupotezana kweli. Tiketi ikisema 14:07, mwandikie rafiki “14:07”, usimwambie “saa nane”: aliyezoea saa za kule atakuja asubuhi. Juni Ulaya ya kati iko nyuma yetu kwa saa moja. Treni ya Berlin husimama Praha-Holešovice kabla ya stesheni kuu, Praha hlavní nádraží. Taja jina zima la stesheni, na mkutane mlango fulani au duka fulani. Jukwaani msipange, maana majukwaa hubadilishwa dakika za mwisho.

Swali: Nina viza ya Schengen. Nikiwa Paris, naweza kwenda London siku 2 kumwona dada yangu, kisha nirudi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Uingereza haimo Schengen, kwa hiyo unahitaji viza yake. Tena tazama stika iliyo kwenye pasi yako, sehemu ya idadi ya kuingia. Ikiwa imeandikwa 01, ukishatoka kwenda London hutaweza kurudi Paris, hata kama siku zako hazijaisha. Ikiwa MULT, yaani kuingia mara nyingi, nenda urudi.