Unaandaa mafunzo ya sanaa kwa walimu? Kiolezo changu sikutumii

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Amepewa kazi ya kuandaa mtaala wa kuwafunza walimu kufundisha masomo yao kwa njia ya sanaa, na anataka nimtumie kiolezo "nisianzie sifuri". Namwelewa sana. Mimi pia niliomba kiolezo, nikapewa, na ndicho kilichoniponza.

Mtaala wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa 140. Malengo, umahiri, shughuli, zana, vigezo vya upimaji, vyote vimejipanga kwenye majedwali kama askari wa gwaride. Semina ilikuwa ya siku 3. Nilisimama mbele na slaidi zangu nikiwaeleza walimu faida za sanaa, wao wameketi wananukuu. Hebu fikiria, mafunzo ya sanaa, siku 3, na hakuna aliyeinuka kwenye kiti ila kwa chai. Mwishoni walijaza fomu za tathmini: "nzuri sana", "imetufungua macho". Fomu zile ninazo mpaka leo.

Miezi minne baadaye nikawatembelea madarasani. Mwalimu mmoja wa sayansi alinipokea kwa furaha, ukuta mzima kabandika michoro ya moyo iliyochorwa na wanafunzi wake. Mizuri kwelikweli, imekolezwa nyekundu juu mpaka chini, kulia na kushoto. Nikamwita mtoto mmoja nikamwuliza, damu inaingilia wapi hapa? Akautazama mchoro wake, akanitazama mimi, akajibu: "Tuliambiwa tusivuke mstari."

Ningependa kusema mwalimu ndiye aliyekosea. Usiku ule nilifungua mwongozo wangu na maneno nikayakuta pale pale, ya mkono wangu mwenyewe: "Wanafunzi wachore moyo na kuupaka rangi." Basi. Upande wa kulia wa moyo hupitisha damu yenye oksijeni kidogo, wa kushoto damu iliyotoka mapafuni. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Rangi ingeweza kuibeba, mimi nikaigeuza pambo la ukutani.

Kilichofuata nakiruka, ni vikao na barua tu.

Katika kujitafuta nikakutana na kazi za Bruce Joyce na Beverly Showers, Wamarekani walioandika tangu miaka ya 1980 jinsi walimu wanavyojifunza wakiwa kazini. Hoja yao ilinichoma: mwalimu akielezwa nadharia na kuonyeshwa mfano, jambo jipya mara nyingi huishia ukumbini. Lifike darasani, inabidi alijaribu, arekebishwe, halafu awe na mtu wa kumsindikiza akiwa kazini kwake. Mimi nilikuwa nimefanya hilo la kwanza tu, tena kwa slaidi. Nikasoma pia kuhusu Dorothy Heathcote, mwalimu wa maigizo wa Uingereza, ambaye hakukaa pembeni akipanga watoto jukwaani. Aliingia mwenyewe ndani ya igizo, akachukua dhima, akauliza maswali akiwa humo humo.

Semina ya pili nikaanza na ule ule moyo. Nilichora vyumba vyake vinne sakafuni kwa chaki, kona moja mapafu, kona nyingine mwili. Walimu wakawa damu. Walishika karatasi za bluu, wakifika mapafuni wanabadilishiwa nyekundu (damu haiwi bluu, ni desturi ya michoro tu, na hilo nalo lilizua mjadala). Wawili niliwasimamisha mlangoni pa chumba kimoja wawe vali, vile vilango vya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma. Alikuwepo mzee mmoja wa kazi aliyegoma kuvua koti, akisema michezo ni ya watoto. Zamu yake ilipofika akakuta mbele pamejaa, akageuka, akarudi alikotoka. Vali wamesimama wanamtazama. Mtu akapaza sauti: "Damu imerudi nyuma!" Tukacheka sana, kisha ukumbi ukatulia. Mzee akasema, taratibu, kwamba vali amezifundisha miaka yote na leo ndiyo kwanza ameona zina kazi gani. Koti likavuliwa.

Sasa ushauri, badala ya kiolezo ulichoniomba. Kila shughuli ya mtaala wako walimu waifanye kwa miili na mikono yao kabla hawajaipeleka darasani. Kila somo liwe na malengo mawili, la somo lenyewe na la sanaa, na yote mawili yapimwe. Lisipopimwa la sanaa, sanaa inakuwa kilemba cha ukoka. Punguza. Mwongozo wangu wa sasa una kurasa 22, na muda uliobaki nautumia kuwatembelea walimu. Ukimwalika msanii, kaa naye mapema muelewane, la sivyo atatumia wiki nzima kuandaa onyesho la siku ya kufunga. Na nirudie, maana najua utaliruka: walimu waifanye wenyewe kwanza. Wengi wetu tunapenda kuitwa waandaaji wa mitaala kuliko kupiga magoti sakafuni na chaki. Tunapenda jalada. Tunapenda picha ya uzinduzi. Halafu tunawalaumu walimu kwamba hawabadiliki!

Hizo kurasa 22 zimechapishwa tena mwaka jana bila jina langu. Ofisi husika haikuniambia; niliziona mezani kwa mtu, mchoro wangu wa chaki ukiwa ukurasa wa 9. Sijapona, lakini si mada ya leo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kiolezo sikutumii. Nitumie somo moja unalolifahamu vizuri, uniambie watoto hukwama wapi hasa, kwa maneno yao. Tuanzie hapo.